Picha Inayobadilisha Dawa

Mfanyabiashara wa Mchafukoge, katikati ya Dar es Salaam, anaweza kufunga duka saa nane mchana, akapigwa picha ya tumbo na kulifungua tena kabla ya adhana ya alasiri. Ukisimama Mnazi Mmoja na kuchora duara la kilomita tatu, ndani yake utaipata Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Upanga, Aga Khan na Taasisi ya Saratani Ocean Road kando ya bahari, Hindu Mandal katika mitaa ya katikati ya mji, na vituo vya watu binafsi vyenye vibao vya eksirei, ultrasaundi na CT scan. Ni vigumu kulitaja eneo jingine nchini lililosheheni mashine za picha kiasi hicho.

Hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya Mtaa wa Lumumba, gesti za Kariakoo hulaza watu wasiokuja mjini kununua mzigo. Wametoka Kigoma, Katavi au Mtwara na barua ya rufaa, na kwapani wana bahasha kubwa ya kaki yenye filamu. Kwa hawa, gharama ya kipimo haianzi kwenye dirisha la malipo. Inaanza na nauli ya watu wawili, maana mgonjwa wa saratani hasafiri peke yake, inaendelea na chumba, chakula cha mama ntilie, na shamba lililoachwa bila mtu wakati wa palizi. Akiambiwa mashine ina foleni, arudi Alhamisi, kipimo kimeshapanda bei hata kama tarakimu kwenye risiti ni zilezile.

Swali la kama picha za kisasa zinalipa linawahusu wote wawili, mwenye duka na mwenye bahasha, lakini majibu yao hayalingani.

Kwa makadirio ya IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 mwaka 2020, na vifo karibu 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza. Wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwishasonga, hatua ya tatu au ya nne, na kila shilingi inayotumika kuwapima ni shilingi ambayo ingeweza kununua dawa, mionzi au chanjo.

Wachumi wa afya hawaulizi kama kipimo ni ghali. Wanauliza fedha hiyo imenunua miaka mingapi ya uhai, na ingenunua mingapi kama ingepelekwa kwingine. Kwa dawa, hesabu hii ni nyepesi kidogo: waliopewa wameishi muda gani, wasiopewa wameishi muda gani. Picha ina shida yake, kwa sababu haimponyi mtu. Faida yake yote hupitia kwenye uamuzi wa daktari. Kama kabla ya picha alikusudia kutoa dawa fulani, na baada ya picha anatoa ileile kwa kipimo kilekile, basi mgonjwa amelipia karatasi. Picha ikimfanya daktari aache upasuaji, abadili dawa, au apeleke mionzi mahali pengine, hapo ndipo imeanza kurudisha fedha.

Kwa kigezo hicho, baadhi ya picha za bei nafuu huwashinda wakubwa zao.

Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Kwa miongo mingi hatua ya ugonjwa huu ilipangwa kwa vidole na macho ya daktari, pamoja na vipimo vichache kama eksirei ya kifua. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake, FIGO, lilishikilia utaratibu huo ili hata hospitali isiyo na mashine kubwa iweze kuufuata. Mwaka 2018 likabadilisha kanuni: picha na majibu ya maabara sasa vinaruhusiwa kuamua hatua, na limeongezwa kundi la 3C, la wanawake ambao saratani imefika kwenye tezi za limfu. Tezi hizo hazishikiki kwa mkono. Zinahitaji CT, MRI au PET, na hapo wenye mashine kubwa walipata hoja nzito.

Ila kabla ya kuzifikia tezi, kuna figo. Uvimbe ukitambaa kuelekea pembeni mwa nyonga huweza kuubana mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Figo hujaa mkojo na kutanuka, na mwenyewe anaweza asisikie maumivu yoyote. Ultrasaundi huiona hali hiyo kwa dakika chache, bila mionzi, kwa mashine inayosukumwa kwa magurudumu kutoka kitanda hadi kitanda. Ikionekana kuwa chanzo ni saratani, ugonjwa unapanda hadi angalau hatua ya 3B, na wazo la kuanza na upasuaji wa kuondoa kizazi linafutwa. Kisha kuna sisplatini, dawa inayotolewa kwa kawaida sambamba na mionzi kwa wagonjwa hawa. Sisplatini huumiza figo. Kumpa mwanamke ambaye figo zake tayari zimezidiwa, bila kujua, ni kumwongezea ugonjwa wa pili. Daktari aliyeiona picha atatafuta kwanza njia ya kuufungua mkojo, au ataibadili dawa, au ataendelea na mionzi peke yake. Maamuzi matatu yamegeuka kwa kipimo kinacholipiwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, wakati CT na MRI hulipiwa kwa mamia ya maelfu.

Sehemu nyingine ambako picha ndogo hufanya kazi kubwa ni kwenye kuchukua kinyama. Bila kinyama kilichopimwa maabara hakuna saratani iliyothibitishwa, na bila uthibitisho hakuna mionzi wala dawa. Uvimbe ulio ndani ya ini au nyuma ya tumbo haufikiwi kwa kubahatisha. Mahali pasipo na mtaalamu wa kuingiza sindano huku akiutazama uvimbe kwenye skrini, njia inayobaki ni kumpasua mgonjwa, kumlaza, kumshona, ili tu kipatikane kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele.

Hadi miaka michache iliyopita Tanzania haikuwa na mafunzo ya fani hiyo, radiolojia ya tiba. Oktoba 2018, madaktari, wauguzi na mafundi wa kujitolea chini ya mpango uitwao Road2IR, ulioanzishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani wakishirikiana na Muhimbili na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, walianza kuja Dar es Salaam kwa zamu kufundisha. Wahitimu wa kwanza walipatikana mwaka 2021. Kazi za mwanzo hazikuhitaji mtambo wa ajabu: sindano za kuchukua kinyama, mirija ya kutoa usaha, mirija ya kutoa mkojo kwenye figo zilizobanwa, zile zile za mwanamke tuliyemtaja. Kilichonunuliwa hapo zaidi kilikuwa ni mikono ya watu, na fedha ya mafunzo haionekani kwenye picha za uzinduzi kama unavyoonekana mtambo wenye utepe mwekundu.

Sasa twende kwenye kipimo kinachotajwa zaidi siku hizi, PET/CT. Mgonjwa huchomwa sukari iliyofungwa chembe ya florini-18 yenye mionzi. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa kuliko majirani zake, kwa hiyo zinang'aa kwenye picha, na CT inayopigwa hapohapo huonyesha ziko mahali gani hasa. Tatizo ni kwamba florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Kama samaki wa soko la Feri asiye na barafu, haiwezi kuagizwa leo ikatumika keshokutwa. Lazima itengenezwe karibu, kwa mtambo unaoitwa saiklotroni, na foleni ya wagonjwa ipangwe kwa saa.

Nairobi ilitangulia. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilianza huduma ya PET/CT yenye saiklotroni yake mwaka 2018, ya kwanza katika Afrika Mashariki, na baadaye Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafungua kituo chake cha umma. Kabla ya hapo, mgonjwa wa ukanda huu aliyehitaji kipimo hicho alipanda ndege kwenda India au Afrika Kusini. Serikali ya Tanzania nayo imewekeza katika mradi wa PET/CT na saiklotroni pale Ocean Road.

Je, kinalipa? Ushahidi upo, tena mzuri. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 188 waliodhaniwa kuwa na saratani ya mapafu inayoweza kupasuliwa. Waliopimwa kwa njia za kawaida, asilimia 41 waliishia kupata upasuaji usio na faida, kwa maana kwamba ugonjwa ulikuwa umekwishaenea au ulirudi mapema, ama uvimbe wenyewe haukuwa saratani. Waliopigwa PET pia, kiwango kilikuwa asilimia 21. Kwa kila wagonjwa watano waliopigwa PET, mmoja aliepushwa kufunguliwa kifua bure. Uingereza nayo ilifanya utafiti wa wagonjwa 564 wenye saratani za kichwa na shingo, uliotolewa mwaka 2016. Nusu walipasuliwa tezi za shingo kama ilivyozoeleka, nusu walifuatiliwa kwa PET/CT na kupasuliwa tu pale picha ilipotia shaka. Upasuaji ulishuka kutoka 221 hadi 54, uhai wa makundi mawili haukutofautiana, na kila mgonjwa wa kundi la picha aliokoa wastani wa pauni 1,492.

Ni takwimu za kutamanisha, na wauza mitambo wanazijua kwa moyo. Lakini pauni hizo haziwezi kubadilishwa kuwa shilingi kwenye duka la fedha za kigeni na kuachwa hapo. Huko Ulaya upasuaji ni ghali kwa sababu mshahara wa daktari mpasuaji, mtoa usingizi na wauguzi ni mkubwa, na kitanda cha hospitali kwa siku moja ni fedha nyingi. Mashine kwa upande wao ni kitu cha kawaida. Dar es Salaam hali ni kinyume: mishahara ni midogo, wakati mashine, vipuri vyake na mkataba wa matengenezo vinanunuliwa kwa dola, kwa bei ileile anayolipa Mwingereza au zaidi. Upasuaji ulioepushwa hapa unaokoa shilingi chache kuliko inavyoonekana kwenye karatasi ya London. Kinachobaki na thamani kamili ni vitu ambavyo mhasibu huvisahau: nafasi kwenye chumba cha upasuaji ambacho kina foleni ya wiki nyingi, na kifua cha mtu ambacho hakikufunguliwa.

Kuna takwimu nyingine inayopendwa na wahamasishaji. Mwaka 2021 tume ya jarida la Lancet Oncology ilikadiria kwamba kupanua huduma za picha duniani kati ya 2020 na 2030 kungegharimu dola bilioni 6.84 na kurudisha dola 179 kwa kila dola moja, kupitia kazi ambazo watu waliopona wangefanya. Ukiishia hapo utakimbilia kukopa. Ukiendelea kusoma ripoti hiyohiyo utakuta kwamba picha peke yake zingezuia asilimia 3.2 ya vifo vya saratani zilizochunguzwa, na kwamba picha zikiongozana na tiba na ubora wa huduma, vifo vinavyozuiwa hufika asilimia 12.5, ingawa faida kwa kila dola inashuka hadi 12. Mantiki yake si ngumu: tiba ni ghali kuliko kuona, kwa hiyo inapunguza uwiano huku ikiongeza waliookolewa karibu mara nne. Waziri wa fedha anayeitafuta namba kubwa atachagua 179. Mgonjwa angechagua ile nyingine.

Afrika Magharibi wamewahi kupiga hesabu ya namna hii kwa saratani ya matiti. Watafiti waliopima hali ya Ghana, katika makala ya mwaka 2012, walikuta kwamba wanawake wa miaka 40 hadi 69 wakikaguliwa matiti kwa mkono na mhudumu aliyefundishwa kila baada ya miaka miwili, na wagonjwa wote wakatibiwa, kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa ungegharimu dola 1,299. Wakikaguliwa kwa mamografia, dola 12,908. Mamografia si kipimo kibaya. Imetengenezewa nchi ambazo uvimbe unaotafutwa ni mdogo kiasi kwamba vidole haviufikii, wakati huku wanawake wengi hufika na uvimbe wanaoujua wenyewe tangu mwaka jana. Anachohitaji huyo ni ultrasaundi ya titi, sindano, na maabara itakayojibu kwa wakati. Rwanda walifuata njia hiyo katika hospitali ya Butaro, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012: wauguzi na madaktari wa kawaida walifundishwa kupima matiti kwa ultrasaundi, badala ya kumsubiri bingwa wa radiolojia ambaye wilayani hakuwepo.

Upande wa pili wa mizani kuna picha zisizoulizwa swali lolote. Katika mji wenye vituo vingi binafsi, vifurushi vya kupima mwili mzima huuzika vizuri, hasa kwa wafanyabiashara waliomzika rafiki. Korea Kusini ilishafika mbali katika njia hiyo. Wananchi walipopewa mpango wa uchunguzi wa saratani, hospitali zikaongeza ultrasaundi ya tezi ya shingo kwa ada ndogo. Mwaka 2011 kiwango cha saratani ya tezi hiyo kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993, na watu zaidi ya 40,000 waligundulika nayo kwa mwaka huo mmoja. Vifo havikupungua hata kidogo. Waliongezeka waliotolewa tezi na kulazimika kumeza vidonge maisha yao yote, kwa uvimbe ambao wengi wao wangezeeka nao bila kuujua.

Na kuna mashine zisizopiga picha kabisa. Mwaka 2015 Kenya ilisaini mpango wa kukodi vifaa tiba kwa ajili ya hospitali 98, mbili kwa kila kaunti pamoja na za rufaa, ikiwemo mitambo ya radiolojia. Mkataba ulianza kwa shilingi za Kenya bilioni 38, na gharama ikapanda baadaye. Kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mpango huo mwaka 2020 ilikuta hospitali ambako vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa umeme wa kutosha, maji au wataalamu, huku kaunti zikiendelea kukatwa fedha. Si Kenya peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, ukikusanya orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, ulikuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Hesabu ya thamani ya fedha inayofanywa kwa kudhani mashine itafanya kazi siku zote za mwaka, katika ukanda huu, ni hadithi.

Tanzania imeongeza mashine kwa kasi. Fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19 zilinunua CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, jambo ambalo limewaondolea wagonjwa wengi safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya picha tu. Kinachofuata ni nani atazisoma. Bingwa wa radiolojia akiwa mmoja mkoani, au hayupo, picha hutumwa kwa mtandao kwa aliye mbali, na majibu yakichelewa daktari wa wodini anaamua bila hayo. Wakati mwingine mgonjwa hufika mjini na picha nzuri tu, lakini isiyo na ripoti, au iliyopigwa bila dawa ya kuonyesha mishipa, na inarudiwa yote kwa gharama yake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inalipeleka suala hili kwenye meza ya watu wachache wenye kalamu. Bima haiwezi kulipia kila picha kwa kila mtu, na haiwezi kuzikataa zote. Nchi tajiri zenyewe zilishaanza kukata: mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliwaambia wanachama wake waache kuwapiga PET, CT na picha za mifupa wanawake wenye saratani ya matiti ya hatua za mwanzo ambao hawana dalili za kuenea. Kitita cha bima cha Tanzania kinaweza kuandikwa kwa namna hiyohiyo, ugonjwa kwa ugonjwa na hatua kwa hatua: ultrasaundi ya figo kwa kila mwenye saratani ya mlango wa kizazi kabla ya sisplatini, sindano ya kinyama inayoongozwa na picha katika kila hospitali ya mkoa, PET/CT kwa mgonjwa wa mapafu ambaye tayari ana tarehe ya upasuaji.

Fomu ya kuombea kipimo nayo inaweza kuongezwa mstari mmoja, ambapo daktari anajaza kile atakachofanya picha ikionyesha ugonjwa, na kile atakachofanya isipoonyesha. Majibu mawili yakifanana, mhudumu wa dirishani hatahitaji shahada ya uchumi kuliona tatizo.